Ukitaka kujua kama mfumo unatumika, tafuta daftari

Kazi yangu hapa Mwanza ni mifumo ya ugavi, hasa kwenye viwanda vya minofu ya sangara. Nikiingia mapokezi, pale samaki wanapopokelewa na kupimwa, miezi kadhaa baada ya mfumo mpya wa kuweka kumbukumbu kwenye kishikwambi kuzinduliwa, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni daftari. Mara nyingi lipo, kando ya mzani.

Karani huandika humo wakala aliyeleta samaki, mwalo (pale boti ziliposhushia), kilo na samaki waliokataliwa. Zamu ikiisha ndipo huketi na kuingiza yote kwenye kishikwambi kwa mkupuo. Ripoti inayofika ofisini huwa safi kupita kiasi: mizigo yote imepokelewa ndani ya dakika chache, na yote ina jotoridi moja. Samaki waliotoka mialo tofauti, kwenye boti tofauti, barafu nayo haikulingana, wanapataje jotoridi moja?

Mameneja wengi huuita huo ukaidi, wakaagiza mafunzo upya. Sikubaliani nao kabisa. Mwaka 2001 mtafiti Anol Bhattacherjee alionyesha kwamba mtu huendelea na mfumo pale alichokipata kinapolingana na alichotarajia, na pale anapoona unamfaa. Karani aliahidiwa kazi nyepesi. Akapewa skrini isiyosikia kidole kilicholowa, na fomu isiyo na mahali pa kuandika kwamba wakala amechanganya samaki wa mialo miwili. Wakala mwenyewe amesimama mbele yake anataka kujua kilo zake sasa hivi. Daftari linamjibu wakala. Mfumo unamjibu meneja tu.

Hili si dogo. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002 inamtaka mfanyabiashara wa chakula aweze kuonyesha amenunua kwa nani na amemuuzia nani, na wanunuzi wa huko hutubana sisi kwa hilo. Wakubwa wa mialoni wanaikumbuka 1999, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili. Tatizo likionekana kwenye katoni moja, kumbukumbu zilizojazwa kwa kukisia haziwezi kutenga mzigo mbaya na mizuri. Itabidi mizigo yote irudishwe.

Kwa hiyo kabla ya semina nyingine, keti na karani mlisome daftari lake. Kila safu iliyomo humo na haimo kwenye mfumo iongezwe. Mzani uunganishwe ili kilo ziingie zenyewe, wakala apewe risiti palepale, na jotoridi lipimwe samaki anaposhushwa, saa ikijiandika yenyewe.