Ugomvi wangu na neno "mjusi"

Mwambie mtu yeyote hapa Tanzania kwamba unasomea visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, swali ni moja tu: "Yule mjusi wetu Wajerumani wanamrudisha lini?" Hilo nawaachia wanasiasa. Ugomvi wangu mimi ni na neno lenyewe, mjusi.

Mjusi hutanua miguu ubavuni, tumbo likikaribia kugusa chini. Huyo anayeitwa mjusi ni dinosaria, Giraffatitan, aliyefukuliwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, alisimama kwa miguu iliyonyooka kama ya tembo. Makumbusho ya Berlin, ilikopelekwa mifupa yake, wenyewe walikosea: walipomsimamisha mwaka 1937 walimpinda viwiko, mkia wakaulaza sakafuni. Mwaka 2007 wakampanga upya, mkia ukainuliwa, na sasa kichwa kiko mita 13.27 juu. Nyayo za jamaa zake zilizogeuka mawe zinasema hivyohivyo: unyayo baada ya unyayo, mchirizi wa mkia ni nadra kuuona.

Sasa sinema. Yule Brachiosaurus wa Jurassic Park, filamu ya 1993, ana jina la dinosaria wa Marekani, ila umbo kwa sehemu kubwa ni la huyu wetu wa Lindi, maana mifupa iliyopatikana Marekani ni pungufu. Kwanza wakamsimamisha kwa miguu ya nyuma kama mbuzi anayefuata majani. Mbuzi sawa. Huyu miguu ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, na kifua na shingo viliuvuta uzito mbele. Halafu kwa shingo ile, ainukie nini?

Kubwa zaidi, wakamfanya atafune kama ng'ombe. Hapa huwa nawapa wanafunzi nakala ya plasta ya jino lake walishike: refu, ncha kama patasi. Magego hakuna. Jino hilo linachuma, kusaga haliwezi. Alimeza majani hivyohivyo, tumbo likayachachusha taratibu. Na kwa kuwa hakutafuna, hakuhitaji taya nzito. Kichwa kikabaki kidogo, ndipo shingo ndefu vile ikaweza kukibeba.

Vitabu vya zamani navyo vilimzamisha ziwani, kichwa tu kikitokeza, eti matundu ya pua yako juu ya fuvu. Mwaka 1951 mwanasayansi Kermack alionyesha kwamba mapafu yakiwa mita kadhaa chini, maji yangeyabana asiweze kuvuta pumzi. Tena pingili za shingo zilijaa nafasi za hewa. Huyo angeelea kama boya.