Ule wimbo wa 1987 hauleti virusi

Kuna meseji inazunguka tena kwenye magrupu, eti ukibonyeza linki ikakuletea wimbo wa Never Gonna Give You Up wa mwimbaji Rick Astley basi simu imeshaingia virusi na namba zako zimeibiwa. Jamani si kweli. Huo ni utani ulioanza 2007, mtu anakuahidi kitu kingine halafu ukibonyeza unakutana na huo wimbo wa 1987, na umedumu kwa sababu ule mdundo wa mwanzo unautambua palepale. Watu wanachanganya kwa kuwa matapeli nao huficha linki. Kabla ya kufungua, ishikilie linki kidogo uone anwani inakoenda, ikikuomba nywila ndo ya kuogopa. Hizo meseji za vitisho tafadhali msizifowadi tena.