Asali ya Tabora na Yale Ambayo Chujio Haliwezi Kuyaondoa

Mnunuzi wa asali mjini Tabora huinua chupa, huielekeza kwenye jua, na asipoona kipande cha nta wala bawa la nyuki huridhika kwamba amepata asali safi. Hukumu hiyo ya macho imezaa dhana nyingi potofu kuhusu uchujaji, kwa sababu chujio huzuia kile tu kilicho kikubwa kuliko matundu yake, ilhali kasoro mbaya zaidi za asali si vipande.

Dhana inayowatia hasara warina asali wengi ni kwamba asali iliyochujwa vizuri haichachi. Ukweli ni kwamba asali huchacha kutokana na maji pamoja na hamira za asili zilizomo. Chujio laini la asali huwa na matundu ya takribani milimita 0.2, na chembe ya hamira, yenye upana wa karibu milimita 0.005, hupita humo bila kizuizi. Maji nayo, yakiwa yamechanganyika kabisa na sukari, hayana namna ya kubaki juu ya wavu. Kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius kinataka maji katika asali yasizidi asilimia 20, na kazi hiyo huifanya nyuki, ambaye huyapunguza maji kwanza ndipo aizibe asali kwa nta. Mrina aliyekata sega lisilozibwa amekwisha kuiharibu asali yake kabla hajaigusa ndoo. Harufu ya moshi wa mwenge haichujiki, wala maji ya majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyokamuliwa pamoja na masega. Kwa hiyo masega yatengwe porini palepale, chini ya mti wenye mzinga: yenye majana kando, yasiyozibwa kando.

Dhana nyingine huhusu moto. Asubuhi za kipupwe asali huwa nzito, hushuka kwenye chujio kwa uzi mwembamba unaokatikakatika, na mtu mwenye haraka huibandika sufuria jikoni akiamini kwamba joto halidhuru. Ni kweli kwamba joto huilainisha asali, lakini moto wa moja kwa moja huifukuza harufu ya maua ya miombo na kuharibu vimeng'enya vyake. Zaidi ya hayo, nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi. Ikishayeyuka hupita kwenye chujio kama kimiminika, kisha huganda upande wa pili, na kile kilichokusudiwa kuzuiwa kikawa kimo ndani ya ndoo safi. Inatosha kuiweka ndoo ya asali ndani ya maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, na kuvumilia.

Wapo pia wanaodhani kwamba chujio likizidi kuwa laini, asali huzidi kuwa bora. Chavua nyingi za maua zina upana wa kati ya milimita 0.01 na 0.1, nazo zapaswa kupita, kwani kwa hizo maabara hutambua asali ilitokana na maua gani. Kuganda kwa asali nako si dalili ya sukari ya dukani wala ya uchujaji mbovu. Ni glukosi ya asali yenyewe inayojitenga.

Kuhusu vifaa, kosa ninaloliona dogo kwa sura na kubwa kwa madhara ni kulowesha kitambaa cha kuchujia ili asali ipite upesi, maana asali huyanywa maji hayo yote. Ndoo ya bati nayo haifai, kwa kuwa asali ina asidi inayoila metali. Itumike ya plastiki ya chakula au ya chuma kisichoshika kutu. Aliyekosa chujio laini bado ana njia: achuje kwa wavu wenye matundu makubwa, kisha aiache asali itulie siku mbili au tatu kwenye ndoo kavu iliyofunikwa na yenye koki karibu na chini. Lita moja ya asali ina uzito wa takribani kilo 1.4 na nta ni nyepesi hata kuliko maji, kwa hiyo vipande na povu vitapanda juu vyenyewe, na asali itafunguliwa kwa koki ikiwa safi.