Zile herufi nyuma ya jina la mkubwa wa nevi

Juzi kadi ya harusi imeletwa hapa kwetu Likoni, mjombake bwana harusi ni brigedia mstaafu wa nevi, yaani jeshi la majini, jina lenyewe maneno matatu tu lakini herufi zilizofuata zimejaza mstari zikavuka wa pili, vijana wa barazani wakaanza kucheka ati ni nambari ya gari. Mmoja akauliza kwani brigedia si wa jeshi la nchi kavu? La, nevi ya Kenya haina admirali kama mnavyoona kwa sinema, hata kamanda mwenyewe pale makao makuu yao Mtongwe ni meja jenerali.

Sasa hizo herufi, angalia ukubwa kwanza. Kubwa ni nishani, hizo hutoka kwa rais. Ndogo ni shule, hizo mtu ameketi darasani akazitolea jasho.

Mchukue Jenerali Samson Mwathethe, mtu wa nevi aliyekuwa mkuu wa majeshi yote ya Kenya 2015 mpaka 2020. Yeye alikuwa akiandikwa EGH, MBS, DCO, halafu ndc yenye K, yaani Kenya, kwa mabano na psc yenye UK. GH ni nishani ya Moyo wa Dhahabu, BS ni ya Mkuki Uwakao, na ile herufi ya mbele ndiyo daraja: M ni Moran, E ni Mzee, C ni Chifu. Kwa hivyo alikuwa Moran kwenye Mkuki na Mzee kwenye Moyo wa Dhahabu, na Chifu wa huo Moyo usiutamani, hiyo kwa kawaida ni ya marais. DCO yatolewa kwa mwenendo uliotukuka kazini. Na zimepangwa kwa uzito, si kwa mwaka, usije ukadhani ya mbele ndiyo alianza kupewa.

Hizi ndogo ndizo watu huzidharau na mimi naona ndizo tamu. psc ni kwamba amefaulu kozi ya unadhimu, yaani ya chuo cha maofisa wa jeshi, ile ya mameja na maluteni kanali, na UK ni kwamba aliisomea Uingereza. ndc ni chuo cha ulinzi cha taifa kule Karen, Nairobi, huendi ukiwa luteni, wanakwenda makanali na mabrigedia, karibu mwaka mzima, na darasa moja na wakubwa wa serikali wasiovaa gwanda. Yaani baharia mzima anapelekwa bara, bahari haioni hata kwa darubini, lakini bila hiyo kupanda juu ni shida.

Siku ya harusi yenyewe mzee alikuja na sare, kifua cha kushoto vile vitambaa vya rangi vifupi vifupi vimepangwa juu ya mfuko. Hivyo ni utepe wa medali, medali yenyewe inayoning'inia ni ya gwaride na sherehe kubwa. Kizito zaidi kinakaa upande wa vifungo vya koti, na si vyote ni vya ushujaa jamani, vingine ni vya miaka ya utumishi, vingine vya kwenda kulinda amani na UN.

Na ile Rtd mwisho kabisa, yule kijana alikuwa ashaitafutia daraja, ni kwamba amestaafu tu.