Uchovu wa misuli: kwa nini enka huteguka dakika za mwisho

Dakika ya 80 kiungo anaruka kupiga kichwa. Hakuna aliyemgusa. Anatua, anabaki chini ameshika enka. Jukwaani wanalaumu shimo. Mashimo yapo kweli, ila hilo lilikuwepo tangu mpira uanze na yeye amelipita salama mara kadhaa. Kilichobadilika ni mguu wake.

Uchovu wa misuli maana yake ni msuli kupungukiwa uwezo wa kutoa nguvu kwa sababu ya kazi uliyokwisha kufanya. Ukipumzika, uwezo hurudi. Si yale maumivu ya kesho yake yanayokushusha ngazi kinyumenyume. Hutokea ndani ya msuli wenyewe, ambako kalisi inayouamsha ujikaze hutolewa kidogo na mabaki ya fosfeti hurundikana, na hutokea pia kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako amri hufifia kabla haijafika mguuni. Kuitupia asidi ya laktiki, ile inayotokea misulini wakati wa kazi nzito, lawama zote ni mazoea tu ya viwanjani. Mwili huichoma laktiki kama kuni.

Sasa enka, au kifundo cha mguu. Mara nyingi huteguka wayo ukipinduka kwa ndani huku vidole vimeelekea chini, na kano ya mbele, upande wa nje, ndiyo huumia kwanza. Mlinzi wa upande huo ni misuli ya pembeni mwa muundi. Weka kidole nyuma ya fundo la nje la enka, kisha upinde wayo kwa nje: utahisi kamba ikikaza. Hiyo ndiyo inayourudisha mguu unapotaka kupinduka.

Tatizo ni muda. Wayo ukipinduka ghafla, misuli hiyo huchukua takribani milisekunde 60 hadi 80 (sekunde 0.06 hadi 0.08) kuanza kuitika, na nguvu yenyewe huja baadaye. Enka inaweza kuwa imeshapita kiasi kabla sekunde 0.2 hazijaisha. Kwa hiyo kinachookoa zaidi si kushtuka baada ya kukanyaga vibaya. Ni misuli kuwa imeshajikaza kidogo mguu ukiwa bado hewani, ikiungoja udongo.

Uchovu unaharibu hapo hapo. Msuli uliochoka hujenga nguvu polepole. Isitoshe, ndani ya misuli kuna vihisio vinavyoueleza ubongo wayo umekaa pembe gani, na baada ya kazi nzito taarifa hizo hupungua usahihi. Mchezaji anadhani wayo umenyooka, kumbe umeanza kupinduka kidogo kwa ndani. Ukiwa umepumzika, kosa dogo namna hiyo husahihishwa bila wewe kujua. Hata misuli ya nyonga ikichoka, mguu huweza kutua mahali pasipo pake, na enka ndiyo inayolipa.

Ukaguzi wa majeraha ya wachezaji wa kulipwa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuta karibu nusu ya enka zilizoteguka ziliumia katika theluthi ya mwisho ya kila kipindi. Uchovu hauelezi kila kitu, maana mikwatuano nayo ni mingi.

Aliye hatarini zaidi ni yule aliyewahi kuteguka na kurudi uwanjani uvimbe ulipoisha tu. Kwangu mimi, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa utulivu ni mazoezi yanayostahili muda kuliko mizunguko ya kukimbia uwanja. Mengine yafanywe mwishoni mwa mazoezi, miguu ikiwa mizito, ila kwa kiasi na kocha akitazama anavyotua mtu.

Wengine hutegemea plasta ya kufunga enka. Inasaidia, hasa kwa aliyewahi kuumia, lakini nayo hulegea: baada ya nusu saa hivi ya kukimbia na jasho huwa imepoteza sehemu kubwa ya mkazo wake. Ikifika dakika ya 80, aliyefungwa plasta kwenye chumba cha kubadilishia nguo na hakufungwa upya mapumzikoni anacheza na plasta iliyochoka pia.