Je, wajua? Anayelinda mtaro wa bomba hatafuti vyungu, anatafuta madoa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mwanaakiolojia anayesimama kando ya katapila linalochimba njia ya bomba la maji anasubiri kitu kichomoze: sarafu, fuvu, shingo ya mtungi. Kosa hilo lina asili yake. Mwaka 1974, karibu na Xi'an nchini China, wakulima waliokuwa wakichimba kisima waliibua vipande vya sanamu za udongo, na baadaye likagunduliwa jeshi zima la maelfu ya askari. Ukishasikia kisa kama hicho, kila shimo la maji unalidhani lina hazina, na mlinzi wake unamwona kama mtu aliyewekwa pale kupiga kelele "simama!" kabla ndoo ya katapila haijaponda kitu.

Lakini ndoo ya katapila huzoa udongo mwingi kwa mkupuo mmoja, na kigae kilichopakaa tope hakionekani. Hata kikiokotwa kwenye lundo, kimeshapoteza nusu ya habari zake: kililala wapi, na pamoja na nini? Kinachotafutwa hasa ni doa.

Chukua pipa lenye mchanga wa manjano chini na udongo mweusi juu. Chimba shimo mpaka ndani ya manjano, kisha rudisha ulichotoa. Shindilia utakavyo, tabaka zile mbili hazirudi. Sasa ondoa weusi wote wa juu, ukwangue taratibu: kwenye manjano utakuta duara lenye rangi ya mchanganyiko. Ardhi nayo haisahau jembe. Nyumba huoza ikaisha, ila matundu ya nguzo zake hubaki yamechorwa. Huko Sutton Hoo, Uingereza, mwaka 1939, wachimbaji walifuata meli ya takriban mita 27 ambayo mbao zake hazikuwapo tena. Mchanga wenye asidi ulikuwa umezila, ukaacha misumari yenye kutu na umbo la meli. Walifukua kivuli, ukipenda.

Ndiyo maana mlinzi husisitiza ndoo isiyo na meno. Meno huchana udongo na kuvuruga rangi, ilhali ukingo bapa hukata kama wembe. Kisha yeye hupitisha mwiko, uleule wa fundi uashi, na udongo ukianza kukauka na rangi kufifia, hunyunyizia maji. La ajabu zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii huisha kabla mtaro haujachimbwa, pale udongo wa juu unapoondolewa kwenye ukanda mpana wa kupitishia mitambo. Mtaro wenyewe ni mwembamba, na ukiwa na kina kirefu kuta zake zinaweza kukuangukia.

Hata hivyo, doa peke yake si ushahidi. Mzizi uliooza huacha doa, na panya pia. Doa hukatwa nusu ili lionekane kwa ubavu: mzizi huchepuka ovyo, tundu la nguzo mara nyingi lina kuta zilizosimama na kitako. Na hata likithibitika, matundu mawili ndani ya mtaro yanaweza kuwa ya nyumba au ya uzio tu. Mengine, kama yapo, yako nje ya mstari wa bomba, kwenye ardhi ambayo hakuna aliyelipwa kuichimba.