VETA sio ya waliofeli

"Ukifeli fomu foo utaenda VETA." Tumeisikia hii tangu wadogo na mpaka leo kuna wazazi wanaiamini kabisa, ila sio kweli. VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili ifundishe watu ufundi, sio iwe kapu la waliokosa divisheni.

Kaa hata siku moja na fundi umeme uone, waya wa 1.5 (unene wake kwa milimita za mraba) anaupeleka kwenye taa, wa 2.5 kwenye soketi, sasa ukiweka ule mwembamba kwenye soketi halafu mtu akachomeka pasi na birika kwa pamoja waya unapata moto ndani ya ukuta na nyumba inaweza kuungua watu wamelala, hiyo hesabu ya mzigo ni fizikia ileile ya darasani. Fundi magari naye siku hizi anachomeka mashine ya kupima kwenye gari kwanza, anasoma namba za hitilafu, ndo anashika spana.

Nyerere alilisema mapema, 1967, kwenye Elimu ya Kujitegemea, alitaka kazi na masomo viende pamoja shuleni. Na sasa sekondari kuna mkondo wa amali, mtoto anajifunza fani huku anasoma na masomo mengine.